Pengo la Mshahara Lilianzia Darasani

Askari wawili walioandikishwa siku moja na kupanda cheo kimoja hutarajia mshahara mmoja. Kwa hiyo wengi huamini kwamba palipo na ngazi za vyeo zilizoandikwa, mwanamke hawezi kulipwa pungufu ya mwanamume. Historia ya Bujumbura haikubaliani nao.

Mwaka 1929 watawa wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji walifungua shule huko Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare. Wavulana wa Rwanda na Burundi walitayarishwa pale kuwa makarani wa serikali na wasaidizi wa waganga, wa mifugo na wa kilimo. Aliyehitimu aliingia katika utumishi wenye madaraja.

Wanawake wa Usumbura, kama mji ulivyoitwa kabla ya uhuru wa 1962, walipewa darasa la namna nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakoloni walianzisha hapo nyumba ya mafunzo iliyoitwa kwa Kifaransa foyer social. Mke wa mfanyakazi alifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kulea mtoto mchanga. Elimu hiyo si ya kudharauliwa hata kidogo. Ila haikumfikisha kwenye daraja lolote la utumishi. Aliyeshona miaka kumi alikuwa fundi hodari kuliko alivyokuwa mwaka wa kwanza, lakini hapakuwa na daftari la serikali lililoihesabu miaka yake. Mlipaji mshahara, hata awe mwadilifu namna gani, asingeweza kuliziba pengo hilo mwisho wa mwezi.

Mwaka 1993 Burundi iliridhia Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 1951. Julai mwaka huohuo Sylvie Kinigi, msomi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Burundi, akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke nchini. Mkataba huo hudai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na neno zito humo ni thamani. Kumlinganisha sajini na sajini ni rahisi. Kumlinganisha mkunga na fundi wa magari kwataka kwanza kuuliza nani aliyepanga malipo yao, na kwa kipimo gani.

Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2005. Msichana aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo sasa ni mtu mzima wa kuajiriwa, lakini miaka ya utumishi ndiyo kwanza aanza kuihesabu.