"Log out" ni kuaga, si kutoka

Mteja wa intaneti kafe anamaliza kusoma barua pepe, anafunga dirisha, analipa, anaondoka. Anayeketi baada yake anafungua ukurasa uleule na kukuta sanduku la mwenzake li wazi, kuanzia salamu za shangazi hadi barua ya mkopo. Mwenye sanduku ametoka, tena yuko barabarani. Alichokuwa hajakifanya ni kile Waingereza wanachokiita log out, na kitufe kilichoandikwa "Toka" hakikumfundisha tofauti.

Kosa linaanzia kwenye asili ya neno. Log ni gogo. Mabaharia wa Kiingereza walifunga kipande cha ubao kwenye kamba yenye mafundo, wakakitupa baharini kutoka tezi, kisha wakahesabu mafundo yaliyopita mkononi wakati mchanga ukishuka chupani, nusu dakika hivi. William Bourne alikieleza kipimo hicho kitabuni mwaka 1574, na hadi leo mwendo wa meli hutajwa kwa mafundo. Hesabu iliandikwa kwenye daftari, daftari likarithi jina la gogo. Mabaharia wa pwani yetu nao wana neno lao, batli, na neno hilo hubeba maana zote mbili: kipimo chenyewe na daftari lake. Inashangaza kwamba waliokaa kutunga istilahi za kompyuta hawakulitupia jicho.

Kutoka daftarini neno likaingia kwenye mashine. Mfumo wa CTSS wa chuo cha MIT, Marekani, ulioonyeshwa mwaka 1961, uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa pamoja, kila mmoja na nywila yake. Muda wa mashine ulikuwa ghali na uligawiwa kwa kipimo, hivyo ilibidi ijulikane nani ameanza saa ngapi na amemaliza saa ngapi. Amri zikawa LOGIN na LOGOUT. Neno la kwanza kujaribiwa kwenye mtandao wa ARPANET, tarehe 29 Oktoba 1969, lilikuwa LOGIN hilohilo. Zilifika herufi mbili tu, L na O, mfumo ukazimika.

Kiini, basi, ni kuandikwa. Anayefanya log in anajitaja na kutambuliwa. Anayefanya log out anaondoka kwa taarifa. Kiswahili kina adabu hiyo tangu zamani. Mgeni hupiga hodi, ndani huulizwa "Nani?", hutaja jina, ndipo huambiwa karibu. Wakati wa kurudi husema, "Haya, mie naaga," mwenyeji humsindikiza na kufunga mlango nyuma yake. Mlango huo ndio uliobaki wazi pale kwenye kafe.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuipeleka jozi hiyo, piga hodi na aga, kwenye kikao kimoja cha istilahi. Akajibiwa kwamba kuaga ni neno la msiba. Ni kweli marehemu huaga dunia, lakini bibi harusi naye huaga kwao, na mtoto wa bweni huaga kila muhula, wala hakuna anayelia matanga. Kikao hichohicho kilipitisha "Jisajili" kwa mtu mpya na kwa mwenyeji wa siku zote, kikawaacha watumiaji wakijifungulia akaunti ya pili kila wanaposahau walikwisha kuwa na ya kwanza. Hilo halikuitwa msiba.

"Ingia" imekwisha kuzoeleka, na haina madhara makubwa. Anayeipenda abaki nayo. Ila "Toka" iondolewe. Kitufe kisomeke "Aga", ujumbe wa mfumo useme "Hujaaga kwenye simu yako ya zamani", na fundi anapomwelekeza mteja kwa simu amwambie: "Aga kwanza, mama, halafu piga hodi upya."