Macho Ishirini na Manne ya Kisiwa cha Shodoshima

Senema za vita tulizozizoea ni za mizinga na vifaru. Leo nataka kuzungumzia senema ya vita isiyotuonyesha pigano hata moja.

Inaitwa Macho Ishirini na Manne. Ilitengenezwa Japani mwaka 1954 na Keisuke Kinoshita, kutokana na riwaya ya Bibi Sakae Tsuboi, mzaliwa wa kisiwa hicho hicho cha Shodoshima. Macho yenyewe ni ya watoto 12 wa darasa la kwanza, wavulana 5 na wasichana 7, wanaoanza kufundishwa mwaka 1928 na mwalimu kijana anayekuja shuleni kwa baiskeli. Wanakijiji wanamsema: mwanamke gani huyu, kavaa kizungu! Lakini watoto wanampenda, na siku moja wanapiga naye picha ufukweni. Picha hiyo iwekeni akilini.

Kinachonigusa ni jinsi vita vinavyoingia kisiwani kwa kupitia shule. Mwalimu mmoja anakamatwa kwa kushukiwa kuwa "mwekundu". Mwalimu mkuu anakitia moto kitabu cha insha za watoto. Hiyo si chumvi ya watunga senema: sheria ya mwaka 1925 iliwapa polisi wa Japani uwezo wa kuwakamata watu kwa fikra zao, na walimu hawakusalimika. Wavulana wanapotamani uaskari, mwalimu wetu anawaambia yeye anapenda zaidi wavuvi na wauza mchele. Kwa maneno hayo tu anakemewa! Mwishowe anaacha kazi.

Wavulana wote 5 wanakwenda vitani. Watatu hawarudi. Mume wa mwalimu naye harudi. Binti yake mdogo anakufa kwa kuanguka mtini, alikopanda kutafuta matunda kwa sababu ya njaa. Mtoto kama huyo hayumo katika hesabu ya jeshi lolote.

Nina lawama moja. Senema inawalilia wafu wa kisiwani, bali haisemi vijana wa Japani walitumwa kufanya nini China, wala Burma, ambako mwaka 1944 wazee wetu wa KAR walipambana nao katika bonde la Kabaw. Ni machozi ya upande mmoja. Hata hivyo naielewa. Mwaka huo huo wa 1954 Japani iliunda Jeshi la Kujilinda, miaka 9 tu baada ya kushindwa, na wahakiki wa jarida la Kinema Junpo wakaichagua senema hii ya kwanza kwa mwaka, mbele ya Seven Samurai ya Kurosawa.

Mwaka 1946 mwalimu anarudi darasani. Wanafunzi wake wa zamani waliosalia wanamwandalia karamu. Mvulana mmoja amerudi kipofu. Ile picha ya ufukweni inaletwa. Anaishika, anasema hii anaiona, na kwa kidole anawataja wenzake mmoja baada ya mwingine, waliopo na wasiokuwepo.