Nukta EU: anwani inayouliza kwenu wapi

Novemba 2005, Sweden ilisajili alama ya biashara iliyoandikwa hivi: &R&E&I&F&E&N&. Aliyeiomba alidai ni ya mikanda ya usalama, lakini hakuwa na mpango wa kuuza mkanda hata mmoja. Alichokitaka ni neno lililojificha humo: Reifen, yaani matairi kwa Kijerumani.

Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, kikoa kipya cha Umoja wa Ulaya, .eu, kilianza kupokea maombi. Waliotangulizwa ni taasisi za umma na wenye alama za biashara zilizosajiliwa. Kanuni ziliruhusu vijialama kama & kufutwa pale alama ya biashara inapogeuzwa kuwa anwani ya mtandaoni. Vikafutwa, naye akaipata reifen.eu. Mtu aliyempinga naye alikuwa na alama yake ya neno hilohilo, aliyoisajili kwa ajili ya dawa za kusafishia vioo! Shauri lao lilifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo Juni 2010 ilieleza jinsi ya kuitambua nia mbaya katika usajili wa namna hiyo.

Kwenye .com hakuna haja ya hila kama hizo. Tangu symbolics.com isajiliwe Machi 1985, mwendo wake umekuwa mmoja: anayewahi ndiye anayepata. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2002 iliweka sharti juu ya hilo: mtu binafsi awe mkazi wa Umoja, na kampuni iwe na makao humo. Mlango ulipofunguliwa kwa wakazi wote Aprili 2006, ujanja ukahamia kwa mawakala wa usajili. Kila wakala alikuwa na zamu yake kwenye foleni, basi wapo waliounda mawakala hewa ili wapate zamu nyingi. Julai mwaka huo EURid, shirika la Ubelgiji linalosimamia .eu, lilizuia majina 74,000 na kuwashtaki mawakala 400.

Masharti ya namna hii tunayo hata huku. Anwani ya ac.tz ni ya vyuo, na go.tz ni ya Serikali. Lakini hapo mwombaji anaulizwa anafanya kazi gani, na chuo kitabaki chuo maadamu kinafundisha. Swali la .eu ni la ukazi, na ukazi wa Umoja unaweza kukutoka bila wewe kuhama hata chumba.

Ndivyo ilivyowakuta Waingereza. Walipiga kura ya kujitoa Juni 2016, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31, 2020. Kesho yake majina zaidi ya 80,000 yalisimamishwa: tovuti zikazimika, baruapepe zikakoma. Wenye majina hayo walipewa miezi kadhaa kuonyesha kwamba bado wanastahili, kwa mfano kwa kuhamishia usajili kwenye ofisi iliyo ndani ya Umoja. Kampuni kubwa yenye tawi Dublin iliweza. Naona uchungu kwa fundi au muuza maua aliyechapisha anwani yake ya .eu kwenye gari na risiti kwa karibu miaka 15, na hana tawi popote. Alitimiza kila sharti siku aliyojisajili, na hata kama alipiga kura ya kubaki, alipoteza sawa na wengine.

Wakati huohuo, mlango ulikuwa umepanuliwa upande mwingine. Tangu Oktoba 19, 2019, raia wa nchi ya Umoja anaweza kusajili .eu popote anapoishi, mradi ataje uraia wake kwenye fomu. Kwa hiyo Mjerumani mwenye nyumba ya wageni Paje, Zanzibar, anastahili. Mwingereza wa Manchester asiye na uraia mwingine hastahili, na tangu Januari 2022 jina alilonyang'anywa liliweza kuchukuliwa na yeyote anayestahili aliyewahi kuliomba.