Gene Frenkle
Gene Frenkle ni mwanamuziki wa kubuni, mpiga kengele ya ng'ombe katika kichekesho cha Saturday Night Live, kipindi cha televisheni cha Marekani, kilichorushwa tarehe 8 Aprili 2000. Aliigizwa na Will Ferrell, mmoja wa waliokiandika.

Katika kichekesho hicho, bendi ya Blue Öyster Cult imo studio, mwaka 1976. Frenkle, tumbo likichungulia chini ya fulana iliyombana, anaigonga kengele hadi wenzake wanakereka. Mtayarishaji, anayeigizwa na Christopher Walken kwa uso mkavu, yeye anataka izidi tu. Jimmy Fallon, kwenye ngoma, anashindwa kuzuia kicheko, na utamu uko hapo hasa.

Bendi yenyewe ni ya kweli; Frenkle hakuwahi kuwamo.