Rekodi za marathoni za uwanda wa kati (Tanzania)

Rekodi za marathoni za uwanda wa kati ni za wanariadha wawili hasa: Juma Ikangaa, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1957, na Alphonce Felix Simbu wa Singida.

Ikangaa, aliyekuwa askari wa Jeshi la Wananchi, alijulikana kwa kuongoza tangu mwanzo bila kumsubiri mtu. Mwaka 1982, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Brisbane, alipata medali ya fedha kwa saa 2:09:30, nyuma ya Robert de Castella. Ushindi wake mkubwa ni New York 1989: saa 2:08:01, rekodi ya njia hiyo iliyodumu hadi 2001. Boston ilimnyima taji. Alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ile ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1 tu. Hata hivyo, kwa uthabiti wa miaka hiyo, hakuna Mtanzania aliyemfikia katika mbio hizi kubwa za miji.

Simbu alishika nafasi ya 5 Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, kisha nafasi ya pili Boston 2025 kwa saa 2:05:04. Septemba 2025 mjini Tokyo alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye utepe, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha.