Unga, Moto na Waya wa Ardhini: Historia ya Mashine ya Kunakili

Sisi tuliokuwa shuleni hapo katika miaka ya 1970 hatujasahau harufu ya wino wa stensili. Maswali ya mtihani yalipigwa taipu juu ya stensili, stensili ikavishwa kwenye mashine ya saiklostaili, na mkono ukazungushwa mpaka darasa zima likatoshelezwa. Wanafunzi wa leo hubonyeza kitufe tu, na karatasi hutoka ikiwa kavu na ina joto. Je, ni wangapi kati yenu mliokwisha kujiuliza kwa nini karatasi hiyo hutoka na joto? Swali hili ni dogo, lakini jibu lake lina historia ndefu, nayo inatufundisha jambo juu ya haki ya mtu mwenye akili na asiye na mali.

Chester Carlson alizaliwa mjini Seattle, Marekani, tarehe 8 Februari, 1906. Baba yake alikuwa kinyozi aliyelemazwa na maradhi, na mama yake alifariki kijana alipokuwa na umri wa miaka 17. Tangu utotoni alifanya vibarua ili nyumba ipate chakula. Hata hivyo hakuacha masomo, na mwaka 1930 alipata shahada ya fizikia katika California Institute of Technology. Wakati huo uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Aliandika barua za kuomba kazi kwa makampuni 82 asipate hata moja. Baadaye alipata kazi Bell Telephone Laboratories, New York, lakini mwaka 1933 akapunguzwa. Hatimaye aliingia katika idara ya hataza ya kampuni ya P. R. Mallory.

Hapa yafaa tueleze hataza ni kitu gani. Ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi ili, kwa muda maalumu, mtu mwingine asitengeneze wala kuuza kitu alichokivumbua bila ruhusa yake. Naye mvumbuzi hulazimika kueleza siri yote ya uvumbuzi wake kwa maandishi, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma aweze kuutengeneza. Ombi lake halikubaliwi hivi hivi. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1836, kila ombi husomwa na mkaguzi anayelilinganisha na yale yaliyokwisha kujulikana. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hataza ndiyo daftari la mali ya akili.

Kazi ya Carlson ilihitaji nakala nyingi za maelezo na michoro ya hataza, na kila siku nakala hazikutosha. Njia zilikuwa mbili: kupiga taipu upya ukurasa mzima na kusahihisha makosa, au kupeleka kwa mpiga picha na kulipa fedha nyingi. Carlson akaona lazima iwepo njia ya tatu. Jioni alikwenda kusoma katika maktaba kuu ya New York, na huko alijifunza kwamba vipo vitu ambavyo hupitisha umeme pale tu vinapomulikwa na mwanga.

Wazo lake lilikuwa hili. Chukua bamba lililopakwa kitu cha namna hiyo, ulijaze umeme tuli gizani, kisha ulimulike kupitia maandishi. Penye mwanga umeme utakimbia, penye kivuli cha herufi utabaki. Nyunyiza unga, nao utashika palipobaki umeme tu, kama vipande vya karatasi vinavyorukia kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele. Hamishia unga huo kwenye karatasi, upashe moto ugande, na nakala imepatikana. Mwezi Oktoba 1937 alipeleka ombi lake la kwanza la hataza, kabla hata hajafaulu kutengeneza nakala moja.

Kufaulu kulikuja mwaka uliofuata. Baada ya majaribio ya kuyeyusha salfa jikoni kwake, alipanga chumba katika mtaa wa Astoria na kumwajiri mwanafizikia mkimbizi kutoka Austria, Otto Kornei. Tarehe 22 Oktoba, 1938, walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalimulika kupitia kioo kilichoandikwa kwa wino, wakanyunyiza unga laini wa mmea uitwao lycopodium, kisha wakabandika karatasi yenye nta na kuipasha moto. Yakaonekana maneno: 10.-22.-38 ASTORIA. Kornei hakuona mustakabali wa jambo hilo, akaondoka. Carlson hakumsahau, miaka mingi baadaye alimpa hisa 100 za kampuni ya Xerox.

Hataza namba 2,297,691 ilitolewa tarehe 6 Oktoba, 1942. Lakini hati si chakula. Makampuni zaidi ya 20, pamoja na yale makubwa kabisa, yalimkatalia. Taasisi ya Battelle ya Columbus, Ohio, ndiyo iliyokubali kuuendeleza uvumbuzi huo mwaka 1944. Ikafuata kampuni ndogo ya karatasi za picha iitwayo Haloid, ya Rochester, chini ya Joseph Wilson. Tarehe 16 Septemba, 1959, kampuni hiyo ilionyesha hadharani mashine yake iitwayo 914, yenye uzito wa karibu kilo 300, na mwaka 1961 ikajiita Xerox.

Sasa tuutazame moto. Katika mashine ile unga uliyeyushwa kwa joto kali, na karatasi ikikwama humo iliungua. Siku ile ya maonyesho mashine moja kati ya mbili ilishika moto. Kampuni ikalazimika kuweka kizima moto ndani ya mashine, ikakipa jina la adabu la kiondoa kuungua. Baadaye mafundi walishika njia nyingine: karatasi ipite kati ya rola mbili, moja ya moto na nyingine ya kuikandamiza. Hiyo ndiyo sababu karatasi yenu hutoka na joto.

Rola nayo ilileta taabu yake. Huvikwa ngozi ya mpira wa silikoni au ya Teflon ili unga usigande, lakini vitu hivyo havipitishi umeme. Karatasi zikipita kwa mamia, msuguano huijaza rola umeme tuli. Umeme huo huvuta unga kutoka kwenye karatasi kabla haujayeyuka vizuri, na rola ikizunguka tena huubandika mahali pasipotakiwa, na ukurasa huchafuka. Mtumishi aliyeshikisha unga amegeuka mwizi wa unga ule ule. Dawa yake ni kuchanganya katika ngozi ya rola kitu kinachopitisha umeme, kama kaboni, na kuiunganisha rola na ardhi kwa waya, ule ambao mafundi wetu huuita waya wa ethi.

Hapo ndipo kazi ya mkaguzi wa hataza inapokuwa ngumu. Tuseme mtu analeta ombi: amevumbua kifaa cha kukaza unga kilichounganishwa na ardhi. Mkaguzi huuliza kwanza: je, jambo hili ni jipya? Pili: hata kama ni jipya, je, fundi yeyote wa kawaida asingelifikiria mwenyewe? Sharti hili la pili liliandikwa katika sheria ya Marekani ya mwaka 1952. Kupeleka umeme tuli ardhini kwa waya ni maarifa ya zamani. Akisema hivyo tu, mwombaji huyo hastahili kitu.

Lakini tuseme mwombaji mwingine amechunguza zaidi. Ameona kwamba siku za unyevunyevu, zile ambazo watu wa Tanga na Mombasa wanazijua sana, karatasi yenyewe hupitisha umeme. Kichwa cha karatasi kikigusa rola iliyofungwa ardhini huku mkia wake ungali mahali unga unapohamishwa, umeme wa kuhamishia hutoroka kupitia karatasi, na maandishi hutoka hafifu. Basi kati ya rola na ardhi anaweka rezista yenye ukinzani mkubwa, ili umeme wa msuguano upate kutoka polepole na ule wa kuhamishia usitoroke. Huyu amelijua tatizo ambalo mwenzake hakuliona. Ikiwa hakuna aliyemtangulia, dai lake lina uzito, ingawa kwa macho kifaa ni kijiti kidogo tu kilichoongezwa kwenye waya.

Kwa nini tujali jambo dogo namna hiyo? Kwa sababu hataza ya Marekani wakati ule ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Hesabuni wenyewe: hataza ya Carlson ya mwaka 1942 ilikwisha Oktoba 1959, mwezi ule ule uliofuata maonyesho ya 914. Kilichoilinda Xerox baada ya hapo ni hataza nyingi za marekebisho na sehemu mbalimbali za mashine. Ukuta huo ulikuwa mrefu hata serikali ya Marekani ikaingilia kati, na mwaka 1975 Xerox ikakubali kuwaruhusu washindani wake kutumia hataza zake. Mkaguzi akikubali kila waya, tajiri huizungushia uga mzima uzio. Akikataa kila waya, mtu kama Carlson huibiwa akiwa macho. Haki iko katika kusoma kwa makini.

Carlson alifariki mwaka 1968. Alikuwa amepata utajiri mkubwa, na sehemu kubwa ya utajiri huo aliigawa kwa hisani, mara nyingi bila kutaka jina lake litajwe.

Nanyi mlioko madarasani leo, msidhani mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Shirika la ARIPO, lenye makao yake Harare, hupokea na kukagua maombi ya hataza kutoka nchi zetu kwa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982. Ukigundua jambo katika maabara au katika karakana ya mjomba wako, liandike siku hiyo hiyo, weka tarehe, na ueleze hasa umeongeza nini juu ya yale waliyoyajua wenzako. Carlson na Kornei waliandika tarehe na mahali kwenye nakala ya kwanza kabisa. Sisi tuliotangulia tulifundishwa kuandika daftari la majaribio kwa wino, tukadhani mwalimu anatuonea. Hakutuonea.