Mbwana Samatta

Mbwana Ally Samatta ni mshambuliaji wa Tanzania aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 23 Desemba 1992. Alianzia African Lyon, akapita Simba, na mwaka 2011 akahamia TP Mazembe ya Lubumbashi.

Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger.

Genk ya Ubelgiji ilimchukua Januari 2016. Wakawa mabingwa 2019. Januari 2020 alijiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga bao moja tu la ligi, dhidi ya Bournemouth, kisha jingine Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ambayo Manchester City ilishinda 2-1.